Mtoto Aliyezaliwa Angani: Nasaba Yake na Uraia Wake

 

Waislamu wa Mbeya na Iringa husafiri nje ya nchi kwa Hija, Umra, kazi na biashara. Wengine huanzia uwanja wa Songwe, wengine hushuka kwa basi hadi Dar es Salaam, kisha hupanda ndege za mataifa mengine. Mama akijifungua safarini, imamu wake ataulizwa: mtoto huyu ni wa wapi?

Jambo hili si la kufikirika. Desemba 2021 mama wa Uganda, akirejea kutoka kazini Saudi Arabia, alijifungua ndani ya ndege ya Qatar Airways baina ya Doha na Entebbe. Mtoto hakuwa Mqatari kwa sababu ya ndege, kwani sheria ya Qatar hufuata nasaba ya baba. Katiba ya Uganda ya 1995 nayo humtambua mtoto wa wenyeji wa nchi hiyo popote azaliwapo.

Katika sharia, msingi ni nasaba. Aya ya 5 ya Suratul Ahzab inaamrisha watoto wanasibishwe na baba zao. Mahali pa kuzaliwa hapaongezi wala hapapunguzi haki ya nasaba, malezi au mirathi. Mafakihi walipazingatia mahali katika suala la laqiit, yaani mtoto aliyeokotwa: akipatikana katika mji wa Waislamu huhukumiwa kuwa Mwislamu. Lakini nasaba yake ikithibiti, hufuatwa nasaba. Mahali ni dalili ya kuziba pengo. Hata sheria ya uraia ya Dola ya Uthmaniya ya 1869 ilianza na mtoto wa baba Muuthmaniya.

Sheria za dunia zina mwelekeo unaokaribiana na huo. Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa kila ndege utaifa wa nchi ilikosajiliwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 wa kupunguza watu wasio na uraia unamhesabu aliyezaliwa ndani ya ndege kuwa amezaliwa katika nchi hiyo, ili asikose nchi kabisa.

Hapa kwetu ipo Sheria ya Uraia ya 1995. Mtoto akizaliwa baina ya Songwe na Dar es Salaam, amezaliwa Tanzania. Akizaliwa katika ndege ya nje akiwa nje ya nchi, hupata uraia kwa kurithi kutoka kwa baba au mama. Lakini ifahamike kuwa urithi huu ni wa kizazi kimoja. Tuchukue mfano wa mama wa Mbeya aliyezaliwa Zambia na wazazi Watanzania: yeye ni raia kwa kurithi. Ikiwa mumewe naye ni hivyo, mtoto wao aliyezaliwa katika ndege ya kigeni nje ya nchi harithi uraia wao. Ndege ingekuwa imesajiliwa Tanzania, angehesabiwa amezaliwa Tanzania. Hapo ndipo usajili wa ndege unapokuwa jambo zito.

Kwa hiyo tunawanasihi wazazi. Kwanza, mjamzito aliyekaribia kujifungua asisafiri bila ushauri wa daktari. Pili, likitokea, waombe maandishi ya rubani yenye saa, mahali ndege ilipokuwa na namba ya usajili wake. Tatu, watunze vyeti vyao vya ndoa na vya kuzaliwa, na wafike mapema ubalozini au Idara ya Uhamiaji. Allah (S.W.) ameamrisha deni liandikwe (Al-Baqara: 282), haki ya mtoto mchanga, asiyeweza kujitetea, inastahiki zaidi kuandikwa.

Wallahu a'lam.