Ukanda wa Kijani: Kwa Nini Pingamizi Nyingi Hugonga Mwamba

Mkazi wa kijiji cha Uingereza anayepinga nyumba mpya kujengwa kwenye shamba lililo nyuma ya kwake huwa na hoja tatu za kuanzia. Mandhari itaharibika, nyumba yake itashuka bei, na kijiji kitapoteza utulivu wake. Ofisa mipango miji akiipokea barua hiyo, hoja ya kwanza na ya pili huziweka kando palepale. Sheria haimlindii mtu mandhari aliyozoea kuiona dirishani, wala haijali nyumba yake itauzwa shilingi ngapi kesho. Hoja ya tatu inaweza kusikilizwa, lakini mpaka igeuzwe kuwa kelele zinazopimika, magari yanayohesabika au madirisha yanayochungulia ua wa jirani.

Ndiyo maana watu hutoka kwenye mikutano ya halmashauri wakiwa na hasira. Wamesema mengi, wamepigiwa makofi na ukumbi mzima, kisha kibali kimetolewa. Wanaona hawakusikilizwa. Ukweli ni kwamba walisikilizwa wakijibu swali ambalo hawakuulizwa.

Ili kulielewa swali waliloulizwa, tuanze na ukanda wa kijani wenyewe. Wengi, hata Waingereza, hudhani ukanda wa kijani ni hifadhi ya mazingira. Sivyo. Ni chombo cha mipango miji cha kuzuia mji usitapakae. Wazo hilo lilipewa nguvu ya sheria kuzunguka London mwaka 1938, likaimarishwa na sheria kuu ya mipango miji ya mwaka 1947, na mwaka 1955 waziri Duncan Sandys akazihimiza halmashauri nyingine nchini zitenge kanda zao. Leo kanda hizo zinafunika takriban hekta milioni 1.6, yaani karibu sehemu moja ya nane ya ardhi yote ya England. Ule wa London peke yake ni zaidi ya mara tatu ya eneo la jiji lenyewe.

Sera ya serikali inautajia ukanda malengo matano: kuzuia miji mikubwa isitambae ovyo, kuzuia miji jirani isiungane, kuyalinda mashamba yasimegwe, kutunza mazingira ya miji ya kihistoria, na kuwasukuma wajenzi warudi kwenye viwanja vilivyochakaa ndani ya miji. Hakuna lengo linalotaja ndege, maua wala uzuri. Shamba la ngano lililopigwa dawa mpaka halina hata panzi linaweza kuwa na uzito mkubwa mbele ya sera hii kuliko kichaka kilichojaa ndege, iwapo shamba hilo ndilo pekee linalotenganisha miji miwili. Vitu vya asili vina sheria zake nyingine. Na ardhi hii kwa sehemu kubwa ni mali ya watu binafsi: mashamba, mabanda ya farasi, viwanja vya gofu. Mwananchi wa kawaida hupita kwenye njia za miguu tu.

Msomaji wa Tanzania asiione sheria hiyo ya 1947 kuwa ya kigeni kabisa. Sheria ya mipango miji na vijiji ya Tanganyika ya mwaka 1956 ilichongwa kwa kuifuata, na ilidumu mpaka ilipopisha Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Ila kuna tofauti inayobadilisha kila kitu. Kwetu ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Kule shamba ni mali ya mwenyewe, ila haki ya kujenga juu yake imo mikononi mwa dola. Kwa hiyo karatasi ya kibali ina bei. Hekta moja ya shamba la kulima England huuzwa kwa pauni kama 20,000 hadi 25,000. Hekta hiyohiyo ikipata kibali cha nyumba, katika maeneo mengi ya kusini mashariki hupita pauni milioni moja, na udongo haujaguswa hata kwa jembe. Kampuni za ujenzi huingia mkataba na mkulima miaka mingi kabla, zikamlipa kidogo ili asimuuzie mwingine, zikasubiri mpango ubadilike. Wakazi wanaponusa harufu ya fedha nyuma ya maneno matamu kuhusu shida ya nyumba, pua zao haziwadanganyi.

Mfano ninaoupenda kufundishia ni Oxford. Mji huo ulizungushiwa ukanda wake rasmi mwaka 1975. Mipaka ya halmashauri ya jiji inabana, mito inafurika kila upande, na nyumba zake ni miongoni mwa zile zilizo ghali kupindukia nchini ukilinganisha na mishahara ya watu. Ukanda haukuzuia Oxford kukua. Uliurusha ukuaji huo upande wa pili wa uzio. Watu wanalala Bicester, Witney na Didcot, kisha kila asubuhi wanavuka ukanda kwa gari kwenda kazini. Wasifiao hewa safi ya ukanda hawayataji magari hayo.

Mwaka 2016 halmashauri nyingi za mkoa wa Oxfordshire zilikubaliana kugawana nyumba ambazo jiji lilishindwa kuzipatia nafasi. Wilaya ya Cherwell, iliyo kaskazini, ilibeba 4,400. Badala ya kuzipeleka mbali, wilaya iliamua kuziweka nyingi karibu na Oxford, kwenye ukanda wenyewe: kuzunguka Kidlington, Begbroke na Yarnton, pamoja na uwanja wa gofu wa kaskazini mwa jiji. Sehemu kubwa ya ardhi ya Begbroke ni ya Chuo Kikuu cha Oxford.

Wakazi walipinga kwa nguvu. Hoja yao nzito ilikuwa ile ya pengo, kwamba Kidlington, ambacho huhesabiwa kati ya vijiji vikubwa kabisa vya England, kingemezwa na Oxford, na Begbroke na Yarnton vingeshikana. Hiyo ni hoja halali kabisa, imo ndani ya malengo matano. Waliongeza foleni za barabara ya A44, maji yanayotuama, shule, na daktari wa familia ambaye tayari kumpata ni kazi. Mkaguzi wa serikali aliyeusikiliza mpango huo alikiri kwamba ukanda ungeumia, lakini akaona uhaba wa nyumba Oxford unatosha kuwa sababu ya kipekee ya kusogeza mipaka.

Kuna jambo moja katika uamuzi huo linalosema mengi. Eneo kubwa aliloliondoa mkaguzi lilikuwa karibu na Woodstock, ng'ambo ya ukanda, jirani na jumba la Blenheim lililo katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba 410 zilizokuwa zimepangiwa huko zikagawanywa kwenye maeneo mengine, yaani zikarudi ndani ya ukanda. Jina la ukanda lilishindwa kuwaokoa watu wa Yarnton, wakati shamba lisilo na jina hilo liliokoka kwa sababu ya jirani yake. Mpango ulipitishwa Septemba 2020. Muungano wa wapinzani ukaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2021 ukashindwa.

Hapo ndipo tunapolifikia jambo ambalo wakazi wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Kuna milango miwili. Wa kwanza ni mpango kabambe wa wilaya, unaoamua ni maeneo gani yatajengwa kwa miaka kumi na tano au zaidi ijayo. Huchukua miaka, nyaraka zake ni ndefu na kavu, na mikutano yake huhudhuriwa na watu wachache, wengi wao wakiwa wanalipwa kuwapo. Wa pili ni ombi la kibali la mjenzi fulani kwa shamba fulani. Hapa ndipo karatasi hufungwa kwenye nguzo, jirani akapewa siku 21 za kutoa maoni, na ukumbi ukajaa. Lakini kama mpango kabambe umeshaliondoa shamba hilo kwenye ukanda, swali la kujenga au kutojenga limekwisha. Kinachobaki ni milango ya nyumba ielekee wapi na mitaro ipite wapi.

Hata pale ambapo shamba bado limo ndani ya ukanda, diwani hana uhuru anaodhaniwa kuwa nao. Halmashauri inatakiwa ionyeshe kwamba ina viwanja vya kutosha kwa mahitaji ya miaka mitano. Ikishindwa, hoja ya mjenzi huongezewa uzito. Madiwani wakikataa kwa kufuata makofi ya ukumbi, mjenzi hukata rufaa kwa wakaguzi wa serikali, na halmashauri ikionekana ilikataa bila sababu ya maana inaweza kuamriwa kumlipa gharama zake za rufaa. Jirani hana haki hiyo ya rufaa. Kibali kikishatolewa, amebakiwa na mahakama tu, ndani ya wiki sita, na mahakama haiulizi kama uamuzi ulikuwa mzuri. Inauliza kama sheria ilifuatwa. Kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa wa mfumo huu, na unachangia uchungu wa wakazi zaidi kuliko idadi ya nyumba zenyewe.

Basi pingamizi lenye meno ni lipi? Foleni huja kwanza kwenye kila barua, na huwa hafifu, kwa sababu sera inaruhusu kukataa kwa sababu ya msongamano pale tu athari yake inapokuwa kali sana. Kuchelewa dakika tano kuwapeleka watoto shule hakufiki hapo. Maji ni habari nyingine. Katika miaka ya karibuni, Wakala wa Mazingira ulipinga maombi ya ujenzi Oxford kwa sababu mtambo wa majitaka ulikuwa umezidiwa, na pingamizi hilo la kitaalamu liliitikisa miradi ambayo malalamiko ya majirani hayakuigusa. Mkazi anayepiga picha za shamba likiwa limefurika kila masika na kuziandikia tarehe ana silaha kali kuliko anayeandika kurasa sita za uchungu.

Shule na daktari hushughulikiwa kwa fedha. Chini ya kifungu cha 106 cha sheria ya mipango miji ya mwaka 1990, mjenzi hutia saini mkataba na halmashauri: atachangia kiasi hiki kwa madarasa, kiasi hiki kwa kliniki, nyumba kadhaa ziwe za bei nafuu. Hapa nawaunga mkono wakazi moja kwa moja. Fedha zinajenga jengo la kliniki. Daktari wa kukaa humo hazimzai. Majengo ya namna hiyo yapo.

Upande wa pili wa ukumbi, hata hivyo, kuna viti vitupu. Watakaoishi katika nyumba hizo hawajapata tangazo, kwa kuwa tangazo hupelekwa kwa majirani wa shamba. Wanaosubiri nyumba Oxford ni wauguzi, madereva wa mabasi, wahudumu wa wazee, wakiwemo wenzetu kutoka Kenya na Tanzania waliopanga chumba kimoja kwa kodi inayokula nusu ya mshahara. Waingereza wana jina la kejeli kwa wapinzani wa ujenzi, Nimby, na wengi hulitumia kwa uvivu. Lakini ni kweli pia kwamba mwenye nyumba iliyojengwa mwaka 1960 juu ya shamba la mtu, anayeapa kwamba shamba la pili lisiguswe, anapaswa kuvumilia kuulizwa swali.

Wanasiasa wanajua nani hupiga kura. Juni 2021, katika uchaguzi mdogo wa Chesham and Amersham, jimbo lililozungukwa na mashamba kaskazini magharibi mwa London, chama cha Conservative kilipoteza kiti ambacho kilikuwa kimekishinda kwa tofauti ya kura zaidi ya 16,000. Hofu ya mageuzi ya mipango miji ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa, na mageuzi hayo yakawekwa kabatini muda si mrefu baadaye.

Serikali ya Labour iliyoingia Julai 2024 ilikuja na ahadi ya nyumba milioni 1.5 katika kipindi chake cha bunge, na Desemba mwaka huo ikabadilisha sera. Ikaanzisha kitu kinachoitwa ukanda wa kijivu. Wanasiasa walipokinadi walizungumzia vituo vya mafuta vilivyoachwa na maegesho ya magari yaliyootewa na nyasi. Ukiisoma fasili yake utakuta ni pana kuliko hivyo. Inaingiza pia shamba lolote lisilochangia kwa nguvu lengo la kwanza, la pili au la nne. Lengo la tatu, la kuzuia mashamba yasimegwe, halimo katika kipimo hicho. Hoja ambayo wakazi huitumia zaidi kuliko zote, kwamba hapa ni mashambani na pabaki mashambani, imeondolewa mezani kimyakimya. Mwongozo wa Februari 2025 ukaongeza kwamba pengo linalohesabika ni lile kati ya miji, si vijiji. Kwa watu wanaojivunia kuitwa kijiji, fahari hiyo sasa ina gharama.

Katika kubadilishana, ujenzi mkubwa wa nyumba kwenye ardhi ya ukanda unapaswa kutoa nyumba za bei nafuu kwa pointi 15 za asilimia juu ya kiwango cha kawaida cha eneo, kikomo kikiwa asilimia 50, pamoja na miundombinu na maeneo ya wazi yanayofikika na umma. Kwa hiyo mabishano yanahama. Katika vijiji kadhaa kamati za wakazi zimeanza kuuliza mambo ambayo zamani zisingeyagusa: nyumba za bei nafuu zitajengwa mwanzo au mwisho wa mradi, kodi yake itapimwa kwa soko au kwa kipato, na mjenzi akirudi baada ya miaka mitatu kudai hesabu hazilipi, nani atazikagua hesabu hizo. Majibu yamo kwenye mkataba wa kifungu cha 106, ambao huwekwa kwenye rejista ya halmashauri, bure, kwa yeyote anayetaka kuusoma.