Ufa Upimwe Kabla Zege Halijamwagwa

Ufa ulianzia kona ya dirisha la sebule, mwembamba kama unywele, ukashuka mshazari ukifuata viungo vya matofali kama ngazi. Hiyo ilikuwa Kibaha, masika yalipokuwa yanaisha. Kufikia Septemba sarafu ya shilingi mia ilikuwa inapenya bila kusukumwa. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alishapewa bei na fundi: kuchimba chini ya msingi, nyumba nzima, na kumwaga zege jipya. Bei ile ingemaliza kiinua mgongo chake chote kilichobaki.

Nilimsihi asitoe hata senti mpaka tujue ardhi inafanya nini.

Sehemu za Kibaha zina mfinyanzi unaovimba. Mhandisi Charles Lucian aliuandikia tasnifu nzima, pamoja na nyumba zinazopasuka juu yake. Ukiutazama kwa karibu, mfinyanzi wa aina hii una madini ya montimorilonaiti, vipande bapa vyembamba mno vilivyopangana kama karata. Mvua ikinyesha, maji hujipenyeza kati ya karata hizo na kuzitanua. Kiangazi kikija hutoka, udongo ukasinyaa na kupasuka. Ghorofa zito huukandamiza, lakini nyumba zetu za kawaida ni nyepesi, kwa hiyo udongo huzibeba na kuzishusha kila msimu. Udongo wa pembezoni mwa nyumba hukauka haraka kuliko ule uliofunikwa na jamvi katikati. Ndiyo maana kona ndizo huumia kwanza.

Ufa wenyewe husema mengi. Ukiwa mpana zaidi juu kuliko chini, mara nyingi ncha ya nyumba ndiyo inayoshuka; ukiwa mpana chini, katikati ndiko kunakobonyea. Nyufa ndogo zilizotapakaa kwenye plasta kama utando wa buibui kwa kawaida ni saruji iliyokauka haraka, na msingi hauhusiki.

Tulianza na penseli. Alichora alama mbili, moja kila upande wa ufa, akapima umbali kati yake kwa rula, akaandika tarehe pale pale ukutani. Akarudia kila Jumamosi. Kisha tukachukua mpira mrefu unaopitisha mwanga, tukaujaza maji na kuondoa mapovu yote, tukalinganisha mstari mmoja wa matofali kona hadi kona. Kona ya bafuni ilikuwa juu kwa sentimita 3 kuliko ya sebuleni. Kipimo kimoja hakitoshi, maana nyumba nyingi hazikujengwa sawasawa tangu mwanzo. Kinachotafutwa ni badiliko, hivyo tulikubaliana kurudia baada ya miezi mitatu.

Kwa kuwa ni mwalimu, aliazima silinda ya kupimia kwenye maabara ya shule. Tulichimba shimo kando ya msingi hadi kina cha mita moja, tukaanika udongo, tukausaga na kuuchekecha, tukamimina mililita 10 ndani ya maji. Baada ya saa 24 ulikuwa umefika alama ya 18. Ukifika 20, yaani maradufu, unaweza kuidhuru vibaya nyumba nyepesi. Usipovuka 15, mara chache huleta shida.

Mvua za vuli ziliponyesha, ufa ukapungua. Nyumba ilikuwa inapumua na udongo. Tena shimo la maji ya bafu lilikuwa hatua mbili tu kutoka ukutani, likiilowesha kona ya bafuni mwaka mzima huku ya sebuleni ikikauka. Zege lisingetibu hilo. Hata Mnara wa Pisa, mwaka 1934, ulitobolewa msingi na kujazwa saruji, ukazidi kuinama. Uliponywa baadaye, ulipofungwa kwa wageni kati ya 1990 na 2001, kwa kuchotwa udongo kidogo kidogo upande ulioinuka, baada ya vipimo vya miaka mingi.

Mwalimu alihamisha shimo, akafunga mifereji ya kuchukua maji ya bati, akamwaga utepe wa zege wenye mteremko kuzunguka kuta.

Sisemi kila ufa usubiriwe. Kipimo kinachotumika Uingereza huhesabu ufa wa hadi milimita 5 kuwa mdogo, na unaozidi 15 kuwa mbaya. Ukuta ukifura au kuegemea, milango ikigoma kufunga ghafla, au ufa ukizidi kupanuka mvua na kiangazi, mwite mhandisi aliyesajiliwa siku hiyo hiyo. Na awe mtu anayelipwa kwa kupima tu, asiye na kazi ya zege ya kukuuzia.

Kama kuna ufa ukutani kwako, tafuta penseli leo. Chora alama mbili, pima, uandike tarehe, na namba hizo ndizo umwoneshe fundi atakapokuja na bei.