"Si cha wizi, Bibi": kijana wa Pumwani na kompyuta yake

Katika mtaa wa Majengo, Pumwani, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, yuko kijana wa kidato cha tatu ambaye nusura agombane na bibi yake kwa ajili ya kompyuta. Jina lake silitaji, maana angali mwanafunzi. Kompyuta yenyewe ni kuukuu, iliyouzwa na ofisi moja ya mjini kwa bei ya vyuma chakavu. Bibi hakuwa na neno na chombo hicho. Neno lake lilikuwa juu ya vilivyomo ndani.

"Hizo programu umezinunua kwa nani?" aliuliza. Mjukuu akajibu kuwa hakuzinunua, amezinakili tu. Bibi akasema, "Kama hukununua, umeiba. Na mimi siswali katika chumba chenye kitu cha wizi."

Majengo ni mtaa usio mgeni kwa watu wa mwambao. Ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Waislamu wengi wakakaa humo katika nyumba zilizojengwa kwa mtindo wa Kiswahili. Bibi huyu, ambaye asili yake ni Lamu, hakuuliza swali la mtu asiyejua dunia. Kwa miaka mingi programu za kompyuta zimenakiliwa na kuuzwa vichochoroni bila ya ruhusa ya wenyewe, na wanunuzi wakaona ni jambo la kawaida. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazilinda programu kama inavyovilinda vitabu. Wanazuoni nao wamesema. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi ni haki zinazolindwa na sheria ya Kiislamu, na haijuzu kuzivunja. Kwa hiyo Bibi alikuwa na hoja.

"Si cha wizi, Bibi," kijana akamjibu. "Mwenyewe ametoa idhini, tena kwa maandishi."

Idhini ya maandishi

Ni kweli kwamba idhini hiyo ipo. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT, alitangaza kwamba angeandika programu ambazo kila mtu angeruhusiwa kuzitumia, kuzichungua ndani, kuzinakili na kuzitengeneza upya. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, akatoa kiini cha mtambo uitwao Linux. Kazi za watu hao wawili zilipounganishwa, kompyuta iliweza kufanya kazi pasi na kununua chochote kwa kampuni yoyote.

Afrika nayo haikubaki nyuma. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, alianzisha Ubuntu, aina ya Linux yenye jina la Kibantu ambalo Mswahili hahitaji kufasiriwa, kwani ni utu huohuo tuujuao. Hadi mwaka 2011 mtu yeyote, hata mwenye sanduku la posta tu mjini Nairobi, aliweza kuletewa diski yake kwa posta bila ya kulipa senti. Na mwaka huohuo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ikiitwa Jambo OpenOffice.

Waingereza hupata taabu hapa, kwa sababu neno lao moja lina maana mbili, na wengi hudhani habari yote ni ya kutolipa. Lugha yetu haina taabu hiyo: bure ni bure, na huru ni huru. Programu hizi aghalabu ni za bure, lakini fadhila yake ni kwamba ni huru. Kuna nyingi za bure ambazo si huru, na mtumiaji haruhusiwi hata kuchungulia ndani.

Kijana alipoona Bibi bado ana shaka, alitafuta mfano ulio karibu naye. "Ni kama kisima cha wakfu," akasema.

Mfano huo una nguvu. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala mtu mmoja hawezi kuigeuza yake. Leseni aliyoitunga Stallman, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1989, ina sharti linalofanana na hilo: ukiibadilisha programu kisha ukaigawa, huna budi kuwapa wengine haki zilezile ulizopewa wewe. Waweza hata kutoza bei ya nakala, lakini huwezi kumfungia mlango anayekuja nyuma yako. Si leseni zote za namna hii zenye sharti hilo. Baadhi huruhusu mtu kuichukua kazi na kuifunga. Kwa hiyo kijana mwenye dini hana budi kuisoma leseni kabla ya kunakili, kama asomavyo mkataba kabla ya kutia sahihi.

Faida kwa Eastlands

Watu watauliza, mambo haya yanamfaa nini mtoto wa Pumwani, Kayole au Dandora? Kwanza, yamemfaa kwa kuwa ziko aina za Linux nyepesi zinazokwenda vizuri katika kompyuta zilizokwisha kutupwa. Pili, yanampa mahali pa kujifunzia. Fundi wa gari hujifunza kwa kufungua injini, na hapa injini iko wazi.

Tatu, yanamwonyesha kwamba mtu wa hapa aweza kuwa mtoaji. Mwezi wa Januari 2008, katika siku zile za fujo baada ya uchaguzi, Wakenya na wenzao walitengeneza Ushahidi, programu huria ya kukusanya habari za wananchi na kuzionyesha katika ramani. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti kulipotokea tetemeko la ardhi. Na huko Mathare, ambako nyumba za watu hazikuonekana katika ramani, vijana walitembea vichochoroni wakiandika vyoo, mabomba ya maji na shule katika ramani ya OpenStreetMap, ambayo ni huru kwa wote.

Intaneti yenyewe ina deni kwa mwambao. Waya wa baharini uitwao TEAMS ulitoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, ukafika Mombasa mwaka 2009. Njia hiyo haiko mbali na ile ya majahazi ya zamani.

Si kila apitacho kijana humo ni ilimu. Vioja navyo vipo. Kimoja alimsimulia Bibi: mwaka 1991 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliliwekea kamera dele lao la kahawa, ili walio vyumba vya mbali wajue kama limekauka kabla ya kuinuka. Tangu mwaka 1993 dunia nzima ikawa yalitazama dele hilo, mpaka kamera ilipozimwa mwaka 2001. Bibi alicheka. "Hawakuwa na mtoto wa kumtuma?" akauliza.

Neno la Bibi

Lililomtuliza Bibi kabisa lilikuwa jingine. Kijana alimletea programu iitwayo Andika!, aliyoitengeneza Kevin Donnelly kwa leseni hiyo ya huria, nayo huandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Imefuata mtindo wa uandishi wa Mu'allimu Mahmoud Ahmed Abdulkadir wa Lamu, mtunzi wa "Wasiya wa Mabanati". Kazi hiyo si ndogo, maana Kiarabu hakina herufi za p, ch wala v, na irabu za e na o hazina alama zake. Umbo la herufi alilolichagua ni Amiri, aliyoichora Khaled Hosny wa Misri kwa kufuata chapa ya Bulaq ya Cairo, nayo pia ni huria.

Bibi alivaa miwani, akasoma, akasahihisha herufi mbili.

Kisha akaulizwa yeye. Kijana alikuwa akitafsiri maneno ya programu moja, akakwama penye neno la kurudisha kosa kana kwamba halikutendwa. Yeye alikuwa ameandika "rudi nyuma". "Rudi nyuma uende wapi?" Bibi akasema. "Sema tangua. Nikahi hutanguka, udhu hutanguka, na kosa lako litanguke."

Neno likaandikwa na kupelekwa kwa wenzake, walipime. Nao wakilikubali, litatumiwa na watu ambao Bibi hatawaona maishani mwake, wala hawatajua kwamba lilitoka Majengo. Alipoelezwa hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi na mimi nimetia ndoo yangu kisimani."

Tangu siku hiyo kompyuta haijaondolewa chumbani, na Bibi anaswali humohumo. Wazazi wengi wa mwambao wana vijana Nairobi, nao huulizana kwa hofu watoto wanafanya nini mbele ya kioo kile. Swali la Bibi ni jema kuliko hofu: umekipata kwa nani, na kwa idhini gani? Na kijana akijibu sawasawa, liko swali la pili la kumwuliza: wewe umetia nini?