Je, wasiwasi wako umehamia tumboni?

Msomaji, huenda majirani wanakupongeza kwamba pesa zimekukubali, kwa sababu tu mshipi wa suruali umesogea matundu mawili. Wewe wajua pesa hazipo. Karo haijakamilika, kodi ya nyumba imefika, na alfajiri uko kituoni ukingoja matatu bila hata kunywa chai. Kitambi hiki, basi, kimetoka wapi?

Kimetoka kwenye chakula, utajibiwa, na mara nyingi ni kweli. Lakini yako mengine. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa homoni iitwayo kotisoli. Homoni hii huwa nyingi asubuhi, kisha hupungua kuelekea usiku. Unaposhtuka au kuhangaika, ubongo huziamuru tezi hizo zitoe zaidi, na sukari huongezeka katika damu ili upate nguvu za kupigana au kukimbia. Aliyefukuzwa na simba aliitumia sukari hiyo papo hapo. Wewe uliyepokea barua ya mwenye nyumba hukimbii popote; unaketi na kuwaza, halafu unatafuta kitu kitamu. (Nakiri kwamba udhaifu wangu ni mandazi ya saa nne.) Kotisoli ikizidi kwa muda mrefu huchochea hamu ya kula na kuyalimbikiza mafuta tumboni.

Mwaka wa 2017, Sarah Jackson na wenzake wa University College London, Uingereza, walitangaza matokeo ya utafiti kuhusu watu 2,527 wenye umri wa miaka 54 na zaidi. Hawakupima damu, maana kotisoli ya damuni hubadilika saa kwa saa. Walikata nywele karibu na ngozi ya kichwa, urefu wa sentimita mbili, ambazo huhifadhi habari za miezi miwili hivi. Waliokuwa na kotisoli nyingi katika nywele walielekea kuwa na uzani mkubwa na viuno vipana zaidi.

Je, wasiwasi ndio uliowanenepesha, au unene ndio uliowaletea wasiwasi? Utafiti huo haukuweza kuamua. Yawezekana mambo hayo mawili yanasukumana. Mtu mnene huchekwa kazini, huchekwa kwenye matatu, kisha hurudi nyumbani akachekwa mezani na watu wake mwenyewe. Fedheha nayo ni mfadhaiko. Kwa hiyo mzazi anayemwita mwanawe "bonge" akidhani anamhimiza apunguze kula, huenda anamwongezea mzigo ule ule.

Usingizi pia una sehemu yake. Asiyelala vya kutosha huamka na njaa kubwa, na kotisoli yake yaweza kubaki juu jioni, wakati inapopaswa kushuka. Mwanafunzi anayekesha na vitabu na soda afikirie hilo. Kutembea kwa miguu vituo viwili kabla ya kupanda gari husaidia mwili na akili pia.

Iwapo unatumia dawa za jamii ya kotisoli, kama prednisoloni, kwa ajili ya pumu au baridi yabisi, nazo zaweza kukuongezea uzani na kuufanya uso uwe wa mviringo. Usiziache ghafla, kwani ni hatari. Mwone daktari aliyekuandikia.