Bolti Zilizoshika: Kutu ya Magari katika Bonde la Ufa

Kwa mwenye gari anayejitengenezea nyumbani, sehemu ngumu ya kazi aghalabu si kubadilisha kifaa kilichoharibika, bali kufungua bolti zinazokishikilia, hasa zile za chini ya gari ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikipigwa na maji, matope na vumbi hadi zikashikana na nati zake kana kwamba zimechomelewa. Mazoea ya wengi, Nakuru kama kwingineko, ni kuikabili bolti ya namna hiyo kwa kuongeza nguvu, na hapo ndipo hasara huanzia, kwa kuwa kinachoizuia ni kutu, na kutu hushindwa na muda na joto mapema zaidi kuliko inavyoshindwa na misuli.

Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na oksijeni na maji kwa pamoja, nayo hujaza nafasi inayozidi mara mbili ile ya chuma kilicholiwa. Mwanya ulio baina ya hesi za bolti na hesi za nati, yaani ile mistari ya mzunguko inayoziwezesha kuingiliana, ni mdogo sana, na kutu inapouziba huendelea kuvimba na kuzibana pande zote mbili. Chumvi iliyoyeyuka huharakisha jambo hili kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na kutu katika asili yake ni tendo la kikemia linaloambatana na mkondo mdogo wa umeme ndani ya chuma.

Magari ya Bonde la Ufa hukutana na chumvi katika sehemu mbili zilizo mbali sana. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika kwa zaidi ya miaka 8, na mengi ya magari hayo hutoka Japani, ambako barabara za Hokkaido na za maeneo mengine yenye theluji humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Baada ya hapo gari husafirishwa baharini hadi Mombasa. Kwa hiyo gari linaweza kufika Nakuru likiwa na rangi inayong'aa, ilhali bolti zake za chini zimekwisha kuanza kuliwa, na mnunuzi mwangalifu hulikagua kwa chini kabla ya kuvutiwa na viti.

Sehemu ya pili ni bonde lenyewe. Maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria hayana mito inayoyatoa maji, hivyo maji huondoka kwa kugeuka mvuke na kuacha nyuma magadi pamoja na chumvi nyingine. Ziwa Naivasha, ambalo maji yake hupenya ardhini na kutoka, limebaki kuwa la maji baridi. Ziwa la magadi linapokauka huacha vumbi jeupe linalopeperushwa na upepo, na linapofurika, kama Ziwa Nakuru lilivyofanya katika miaka iliyofuata 2010, hufunika barabara zilizo karibu na ufuo. Wengi huamini kwamba magadi hula chuma, lakini ukweli una sura mbili, na inafaa zitenganishwe. Magadi matupu hupunguza kasi ya kutu kwenye chuma cha pua na cha kawaida, na kinachokiumiza chuma ni kloridi, yaani chumvi ya jamii ya ile ya mezani, ambayo huchanganyika nayo ziwani. Kinachoshambuliwa na magadi yenyewe ni alumini, na alumini imejaa katika magari ya leo: kwenye rimu, kwenye giaboksi na kwenye injini. Bolti ya chuma iliyoingia ndani ya alumini, ikipata maji yenye chumvi, hufanya kazi kama betri ndogo ambamo alumini ndiyo inayoliwa, na unga mweupe unaotokea huikamata bolti kwa ukali usiopungua ule wa kutu nyekundu.

Kazi ya kufungua yapaswa kuanza jana yake. Hesi zilizo wazi husuguliwa kwa brashi ya waya, kwa maana nati italazimika kupita juu ya kutu hiyo wakati wa kutoka. Kisha hutiwa mafuta mepesi ya kupenya, kichwa cha bolti hugongwa kwa nyundo mara kadhaa ili mtikisiko ufungue nyufa, na mafuta huachwa yazame usiku kucha. WD-40, iliyobuniwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, ilikusudiwa kufukuza maji kwenye chuma. Husaidia, lakini mafuta yaliyotengenezwa mahususi kwa kupenya hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Mafundi wengi wa jua kali hutumia dizeli au mafuta ya taa, ambayo nayo hupenya yakipewa muda. Hata hivyo, mafuta ya aina yoyote hayafai kufikia mipira ya breki wala pedi zake.

Asubuhi hutumika soketi yenye pembe sita, inayokumbatia bapa za kichwa cha bolti, badala ya ile ya pembe kumi na mbili inayokamata ncha tu na kuzilainisha. Bolti husogezwa kidogo upande wa kukaza, kisha upande wa kufungua, na kurudiwa hivyo huku mafuta yakiongezwa. Bomba refu linalovikwa mpini wa spana ndilo linalovunja bolti nyingi kuliko kitu kingine, na hesabu yake ni rahisi. Bolti ya unene wa milimita 10 yenye alama 8.8 kwa kawaida hukazwa kwa nguvu inayokaribiana na uzito wa kilo 5 unaoning'inia kwenye ncha ya spana ya mita 1. Mtu wa kilo 70 akijitundika kwenye ncha hiyo huizidishia mara 14. Isitoshe, nguvu kama hiyo inaweza kuliangusha gari lililosimamishwa kwa jeki pekee, na asiwepo mtu chini ya gari lisilowekewa stendi imara.

Pale mafuta yanaposhindwa, joto hufaa. Nati ya milimita 10 iliyoongezewa nyuzijoto 300 hupanuka tundu lake kwa takriban sehemu 4 za mia za milimita, kiasi kinachotosha kupasua kutu, mradi joto lielekezwe kwenye nati na si kwenye bolti. Moto haukaribishwi karibu na tangi au mabomba ya petroli, wala karibu na mipira, wala mahali palipopulizwa dawa ya kusafishia breki, kwani baadhi ya dawa hizo zikipata moto hutoa gesi ya sumu.

Bolti iliyokatika ndani ya tundu ni kazi ya fundi wa kuchomelea, na kumlipa ni busara. Yeye huchomelea nati mpya juu ya kisiki kilichobaki, hivyo joto na mpini hupatikana kwa wakati mmoja. Betri ya gari ni lazima ichomolewe kwanza.

Bolti iliyopashwa moto hairudishwi, kwa kuwa huenda ugumu wake umepotea. Inayochukua nafasi yake sharti iwe na alama ileile kichwani, 8.8 au 10.9, tarakimu zinazoonyesha uwezo wake wa kuhimili mvuto, na bolti laini ya dukani ya kujengea mageti haifai kamwe kushikilia breki wala usukani. Kabla ya kufungwa, hesi hupakwa grisi ya shaba kiasi kidogo, isipokuwa kwenye nati za magurudumu, ambazo watengenezaji wengi huagiza zifungwe zikiwa kavu na safi, kwa sababu grisi huzifanya zikazike kupita kipimo na kuzivuta bolti zake hadi zikatike.