Mficha uchi hazai: Kadi iliyomkosesha mjomba miaka mitano ya mshahara

Mjomba wangu alikuwa karani wa serikali kwa zaidi ya miaka thelathini. Polio ilimkausha mguu wa kushoto angali mtoto mdogo, na tangu hapo hajapiga hatua bila mkongojo. Lakini ole wako umwite mlemavu! "Mguu ndio mvivu, mimi si mvivu," ndivyo alivyozoea kutujibu.

Mkewe alimsihi mara si haba aende akajiandikishe. "Baba watoto, hiyo kadi si bakuli la kuombea," alimwambia. Mjomba angecheka, achukue mkongojo wake na kushika njia ya kazini.

Barua ya kustaafu ilipomfikia, kitinda mimba wake alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Hapo ndipo alipong'amua kwamba mwenzake wa meza ya pili, ambaye alikatwa mkono baada ya ajali na ambaye ni wa rika lake, hakuandikiwa barua kama hiyo. Yule alikuwa na miaka mitano zaidi ya kupokea mshahara. Kilichowatofautisha ni kadi tu. Mjomba alikimbia huku na huko, lakini akaambiwa jina lake halikuwahi kuwa katika orodha ya wafanyakazi wenye ulemavu, na kwamba amechelewa.

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha uchi hazai. Wako wengi kama mjomba, na huenda mmoja wao ni mumeo, mzazi wako au wewe mwenyewe unayesoma ukurasa huu.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilitaka mfanyakazi mwenye ulemavu asistaafishwe kabla ya miaka 60. Wakati huo watumishi wengine wa umma walikuwa wakienda nyumbani wakiwa na miaka 55. Mwaka 2009 serikali iliwaongezea wote hadi 60, na nafuu hiyo ikawa haina maana tena. Ndiyo sababu baadaye wenye ulemavu waliongezewa hadi 65, na Kanuni za Tume ya Utumishi wa Umma za mwaka 2020 zinataja umri huo waziwazi. Sheria ya 2003 nayo iliondolewa mwaka 2025 na nafasi yake ikachukuliwa na mpya.

Hata hivyo, mkongojo pekee hautoshi kuwa ushahidi. Mwajiri hutazama karatasi. Kwanza unapimwa na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Kisha unasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu na kupewa kadi. Halafu, na hapa ndipo wengi hujikwaa, hakikisha idara ya wafanyakazi kazini kwako imeliingiza jina lako katika kumbukumbu zake. Anayefanya haya miaka mingi kabla hasumbuliwi. Anayeyafanya mwaka wa mwisho hushukiwa kwamba anatafuta ulemavu wa kumwongezea mshahara.

Usidhani haya ni ya waliozaliwa na ulemavu pekee. Aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari akiwa na miaka 50, au aliyepoteza macho ukubwani, naye ana haki ya kupimwa na kusajiliwa.

Kodi na pensheni

Kadi hiyo ina faida nyingine. Tangu mwaka 2010, mwenye ulemavu aliyepewa cheti na Mamlaka ya Ushuru (KRA) hatozwi kodi kwa Sh150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Cheti hicho kina tarehe ya kuisha, kwa hivyo kifanye upya mapema. Pensheni nayo haitozwi kodi kwa yeyote aliyefikia umri wa kustaafu, tangu sheria ilipobadilishwa Desemba 2024. Lakini ikiwa bado utafanya kazi nyingine baada ya kustaafu, cheti chako kina kazi bado. Usikitupe.

Na zile Sh2,000 za kila mwezi za mpango wa Inua Jamii? Zipo za wenye ulemavu mkali kutoka familia fukara, na zipo za wazee waliotimiza miaka 70. Lakini hizo za wazee zilikusudiwa wasio na pensheni. Aliyekuwa mtumishi wa serikali, kama mjomba, asizitegemee.

Kaeni mzungumze

Ikiwa nyumbani mwenu kuna mfanyakazi mwenye ulemavu, kaeni naye jioni moja mzungumze. Msimtie haya wala msimlazimishe. Mwulizeni mambo matatu tu: Je, umesajiliwa? Je, mwajiri wako ana nakala? Je, cheti cha kodi kinaisha lini?

Mjomba sasa ana kuku na shamba dogo la mahindi, na kitinda mimba wake alimaliza masomo kwa harambee ya ukoo. Mwezi uliopita alimpeleka yeye mwenyewe kijana wa jirani, mwalimu mwenye ulemavu wa mguu, akapimwe hospitalini. Foleni ilikuwa ndefu na kijana alitaka kurudi nyumbani.

"Kaa hapo," mjomba alimwambia. "Mimi niliona haya, na haya haikunilipia karo."