Sindano Ndani ya Mfuko Mweusi

Mfuko ulikuwa mweusi, ndiyo maana niliubeba bila woga. Hospitalini mfuko mweusi ni wa taka za kawaida: makaratasi, maganda ya ndizi, mabaki ya chakula. Nilikuwa nateremka nao ngazi, asubuhi ya Julai yenye ukungu wetu wa Nyeri, nikahisi kitu kimenidunga pajani. Sindano. Mtu alikuwa ameitupa humo akaenda zake.

Nilinawa kwa maji na sabuni, nikapimwa damu, nikaanzishiwa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi kabla saa 72 hazijapita. Nilizimeza siku 28, nikitapika karibu kila asubuhi. Ukimwi ndio niliouhofia, lakini daktari alinieleza kwamba homa ya ini aina ya B huambukiza kwa sindano kwa urahisi zaidi kuliko Ukimwi, ikiwa mtu hajachanjwa. Sikuwa nimechanjwa. Namshukuru Mungu, nilipona hofu na vipimo vikawa safi.

Tangu hapo rangi za mifuko nazijua kama majina ya wanangu. Wa njano ni wa pamba na bandeji zenye damu. Mwekundu ni wa vitu vya hatari zaidi, kama viungo vilivyokatwa na kondo la nyuma. Sindano haiingii mfuko wowote: ukishamdunga mgonjwa, unaiangusha papo hapo, bila kuirudishia kifuniko, katika kisanduku kigumu ambacho hufungwa kikijaa robo tatu. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 85 ya taka za hospitali hazina hatari zaidi kuliko za nyumbani. Ukizichanganya na zile 15, umezitia sumu zote.

Kanuni za taka za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, ziliitaka hospitali itenganishe taka pale pale zinapotoka. Taka hizo zisikae zaidi ya siku saba bila baridi wala kibali, na viungo vya mwili viteketezwe ndani ya saa 48. Anayezisafirisha lazima awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Tanuri nalo lifike nyuzijoto 850 au zaidi, kwa maana plastiki inayochomwa kwa moto hafifu hutoa moshi wenye sumu ya dioksini, unaotua kwenye sukumawiki na nyasi za ng'ombe wetu.

Kanuni hizi nazipenda kwa dhati. Zimeandikwa kwa ajili ya mikono kama yangu.

Lakini sindano nyingi siku hizi hazitoki wodini. Mwaka 2018 serikali ilipochagua kaunti nne za kujaribia afya kwa wote, Nyeri iliingia kwa sababu ya kisukari na magonjwa mengine yasiyoambukiza. Insulini hudungwa jikoni, kabla ya chai.

"Shosho, sindano zako unatupa wapi?" nilimuuliza jirani yangu huku Othaya, Nyeri.

"Chooni, mwanangu. Zingine huku kwa migomba."

Huko kwa migomba wajukuu hucheza pekupeku. Nilimpelekea chupa tupu ya jiki, ile ngumu yenye kifuniko, nikamwonyesha jinsi ya kuziangusha ndani. Ikijaa robo tatu anaifunga, naibeba naenda nayo kliniki siku yake ya dawa. Tayari tumepeleka tatu.